Lagos peke yako: umepanda na nani?

Mwambie mwenyeji wako wa Lagos kwamba kesho utakwenda Obalende kwa danfo, daladala ya huko, peke yako. Kwanza atacheka. Akiona hutanii, atakutajia dereva wa shemeji yake, kisha programu ya teksi kwenye simu. Ukizidi kushikilia lako, ataanza visa. Fulani aliporwa hadi viatu. Fulani alishushwa usiku barabara asiyoijua. Fulani hajaonekana mpaka leo.

Visa hivyo havikubuniwa. Ninachobishana nacho ni funzo ambalo mgeni hupewa baada ya kuvisikia: aogope gari. Aogope lile basi dogo la njano lenye michirizi myeusi ubavuni, limebonyea huku na huku, mlango wake unashikiliwa kwa mkono wa konda. Wanawake wa Lagos wanaorudi kazini saa tatu usiku hawaanzi na gari. Wanachungulia ndani waone waliokaa ni akina nani, ndipo waulize nauli. Nadhani hao wanauelewa usafiri wa mji ule kuliko wataalamu wengi, na kuliko serikali ya jimbo yenyewe.

Tuanze na mji, maana bila mji danfo haieleweki. Lagos ina watu zaidi ya milioni 15, na umbo lake halina huruma. Wengi wanalala upande wa bara: Agege, Mushin, Iyana Ipaja, Ikorodu na mitaa mingine isiyo na mwisho. Sehemu kubwa ya kazi za ofisini, benki na biashara za pesa nene iko visiwani, Lagos Island, Ikoyi na Victoria Island, na siku hizi imejisukuma hadi Lekki. Katikati kuna maji, na juu ya maji hayo kuna madaraja matatu: Carter, Eko na Third Mainland. Hili la mwisho lina urefu wa kilomita 11.8 na lilikamilika 1990, Lagos ikiwa bado makao makuu ya nchi. Desemba 1991 serikali ya shirikisho ikahamia Abuja. Mawaziri wakaondoka, watu wakaendelea kuja. Kwa hiyo saa kumi alfajiri, wakati Dar es Salaam bado inageukia upande wa pili wa kitanda, stendi za Lagos zimeshachangamka, kwa kuwa kila mtu anataka kulivuka daraja kabla halijaziba.

Mji wa namna hiyo ulihitaji treni zamani. Gavana Lateef Jakande, aliyeingia madarakani 1979, aliianzisha mipango ya reli ya mjini. Utawala wa kijeshi wa Muhammadu Buhari ukaifuta 1985. Januari 2023 Buhari huyohuyo, wakati huo akiwa rais wa kuchaguliwa, alikuja kuizindua Blue Line ya Lagos, na Septemba mwaka huo abiria wakaanza kupanda kati ya Marina na Mile 2, kilomita 13. Katika pengo hilo la karibu miaka 40 waliombeba mwana Lagos ni danfo, na kabla hazijatoweka, yale mabasi makubwa ya molue. Yeyote anayezitukana danfo kwa uchafu wake aanze hapo.

Sasa kelele. Mtu wa Nairobi au Dar akishuka Oshodi mara ya kwanza atadhani watu wanagombana. Konda ananing'inia mlangoni akipayuka "Oshodi-Oshodi-Oshodi!" au "CMS, Obalende!", dereva anapiga honi isiyo na sababu, kijana mwenye fimbo anakimbia sambamba na gari akigonga bati, muuza maji ya pakiti anapenya kati ya magari mawili mahali ambapo paka angefikiria mara mbili. Ukikaa ukatazama, utaona kelele zote zinatoka sehemu moja, nayo ni hesabu. Sisi tunaijua hesabu. Dereva wa danfo kwa kawaida si mwenye gari. Jioni anapeleka kiasi walichokubaliana na tajiri, au analilipia gari kwa mafungu mpaka liwe lake. Kinachobaki baada ya mafuta ndicho chakula chake na cha konda.

Ila Lagos ina hesabu ya pili, na hiyo ndiyo inayolifanya gari liendeshwe kichaa. Karibu kila kituo kikubwa kina agbero. Mpiga debe wetu wa Ubungo wa zamani ni mtoto mbele yake. Agbero hukusanya pesa kwa jina la chama cha usafirishaji, au kwa jina lisilojulikana, kila mzunguko, na konda anayekataa anaweza kung'olewa kioo cha pembeni au kifuniko cha tangi la mafuta papo hapo. Februari 2022 serikali ya jimbo ilileta ushuru mmoja wa naira 800 kwa siku, ili ukusanyaji uwe wa kueleweka. Mwaka ule haukuisha: tarehe 31 Oktoba madereva waligoma wakilalamika kwamba bado wananyonywa vituoni, na maelfu ya watu wakatembea kwa miguu kwenda kazini.

Ukilijua hilo, mambo mengi unayoyaona dirishani yanapata maelezo. Gari linasimama katikati ya barabara, hatua hamsini kabla ya kituo, konda anakuhimiza uruke: mbele yupo mtu wa kudai pesa, na kila abiria anayeshukia hapa anapunguza ushahidi wa safari. Gari linakata kona na kuingia mtaa wa vumbi: linamkwepa mtu yuleyule, au trafiki wa LASTMA, mamlaka ya trafiki ya jimbo. Konda anakufokea kwa sababu umechelewa kutoa nauli, hajakutambua hata kidogo kwamba wewe ni mgeni; ana mikono mitatu ya watu inamngoja kituo kinachofuata. Ubishi naye hauna faida. Nauli ukaiulize chini kabla hujapanda, na umwulize abiria aliye pembeni yako, maana bei ya konda inapanda na mvua, na saa, na urefu wa foleni. Tangu Mei 29, 2023, Rais Bola Tinubu alipotangaza siku ya kuapishwa kwamba ruzuku ya petroli imekwisha, hata wenyeji hawana hakika ya nauli ya wiki ijayo. Petroli iliyokuwa chini ya naira 200 kwa lita ilivuka 500 ndani ya siku chache, ikapita 600 mwezi Julai, na mwisho wa 2024 ilikuwa inachezea 1,000.

Ndani ya danfo iliyojaa kuna jambo moja ambalo kwangu linaeleza mji mzima, nalo ni chenji. Kabla hujaingia konda ameshaonya: "Wole pelu senji e o!", ingia na chenji yako. Hakuna anayemsikiliza, kwani chenji hakuna mwenye nayo. Basi gari likikaribia mwisho wa safari konda anafanya kile wanachokiita kuunganisha. Anachukua noti moja kubwa, anamkabidhi abiria wa dirishani, anaonyesha kidole: wewe, na huyu mama, na huyo kaka wa nyuma, gawaneni. Kisha anageuka, kwake mambo yamekwisha. Watu watatu ambao hawajuani, mmoja anashuka kituo hiki na mwingine kile, sasa wana deni la pamoja. Mama anafungua kipochi alichokibana chini ya nguo, kaka anatoa noti zilizochakaa kama kitambaa cha jikoni, mtu wa tatu ambaye hahusiki anajitolea kuvunja. Kuna anayelalamika, kuna anayetania, na mara nyingi wanashuka wote watatu na kumaliza hesabu yao mbele ya duka la mtu. Mwanzoni mwa 2023, serikali ilipobadilisha noti na pesa taslimu zikaadimika nchi nzima, baadhi ya makonda wakaanza kupokea nauli kwa kutumiwa benki kupitia simu. Hata hivyo desturi ya kuunganisha haijafa.

Mgeni huona ni usumbufu. Mimi naona ni aina ya utambulisho. Baada ya dakika tano za kugawana naira mia mbili, yule mama anajua wewe si wa hapa, anajua unashuka wapi, na amekwishajipa kazi ya kukuangalia. Sura yako ya Afrika Mashariki inapita Lagos bila shida. Konda atakusemesha Kiyoruba bila kusita. Ulimi ndio haupiti. Ukifungua tu mdomo umejulikana, na hapo kinachofuata si wizi, kama ulivyoogopeshwa. Ni mjadala. "Anakwenda Yaba? Kwa nini hakupanda ile ya Ojuelegba?" "Mwache ashuke Fadeyi avuke." "Fadeyi? Unataka agongwe na gari?" Gari zima linapanga safari yako, wanakosana kuhusu safari yako, na anayeshinda ndiye anayemwamuru konda akushushe wapi. Konda anataja kituo, wa kushuka wanaitikia "Owa o!", na kama umesinzia kuna atakayeitikia kwa niaba yako.

Danfo nyingi hazina njia iliyoandikwa ubavuni. Hakuna ratiba. Ramani ya simu inajua barabara lakini haijui kwamba leo magari ya kwenda Ajah yanapakilia upande wa pili wa daraja kwa sababu kuna polisi. Maarifa yote ya mfumo yamo vinywani mwa watu, na mtu asiye na mwenzake anayapata kwa kuuliza, kwa hiyo anayapata kwa abiria. Ndiyo maana nasema abiria wa Lagos ni sehemu ya miundombinu, sawa na lami. Ondoa abiria, mgeni amebaki kipofu na pia hana shahidi.

Tukitoka hapo tunaweza kurudi kwenye visa vya kutisha na kuvisoma upya.

Kisa maarufu kuliko vyote ni kile wanachokiita "one chance". Gari linapita, mtu anaita kwamba imebaki nafasi moja tu, unaruka ndani ukishukuru Mungu. Ndani kuna watu watano, sita, wametulia. Dakika kumi baadaye unagundua wote ni kundi moja: dereva, konda, yule mama mwenye mfuko, yule mzee mwenye kofia. Wanakupora, wanakulazimisha kutoa namba za siri za benki, kisha wanakutupa kando ya barabara ukiwa na bahati. Kisa hiki kwa juu kinaonekana kubomoa hoja yangu, maana gari lilikuwa na watu. Naam, lilikuwa na watu, lakini hukuwaona wakiingia. Danfo inayojazia stendi inajaa mbele ya macho yako: mwanafunzi huyu katoka kule, fundi yule kaja na ngazi yake na anabishana kuhusu kuilipia, mama wa samaki anagombana na kila mtu. Wana haraka tofauti, dini tofauti, wanashuka sehemu tofauti, na hawakubaliani hata dirisha lifunguliwe au lifungwe. Kundi la wezi haliwezi kuigiza ule ugomvi wa dirisha kwa muda mrefu. Wenyeji wanalijua hili bila kulisema: wanapenda kupandia ndani ya stendi hata kama itabidi wasubiri, na gari linalookota watu njiani usiku wanaliacha lipite hata likiwa na viti. Umati unaokulinda ni ule uliouona ukijikusanya.

Kisa cha pili ni kizito zaidi, na wanaopenda kusema dawa ni mabasi ya serikali wangekikumbuka mara kwa mara. Tarehe 26 Februari 2022, jioni, binti wa miaka 22, fundi wa mitindo, alipanda basi la BRT, mwendokasi wa huko, pale Chevron, Lekki, akielekea Oshodi. Hakupanda danfo wala gari lisilo na rangi. Lilikuwa basi la mfumo rasmi, lenye namba na dereva aliyeajiriwa. Ndani ya basi aliingiwa na wasiwasi, akamtumia rafiki yake ujumbe wa sauti na video: taa hazikuwaka, abiria hawakuwapo wa kutosha, akaomba aombewe. Siku kadhaa baadaye mwili wake ukapatikana eneo la daraja la Carter. Mei 2025 mahakama kuu ya Lagos ilimhukumu dereva kunyongwa. Baada ya kifo kile mjadala mwingi ulikuwa juu ya dereva huyo aliajiriwaje na kwa nini basi lile halikuwa na kamera. Maswali ya haki. Lakini alichokiona yule binti kwa dakika chache, na akakisema kwenye simu yake, ni kitu cha awali zaidi: basi lilikuwa na giza na halikuwa na watu. Rangi ya serikali haikumsaidia kwa lolote. Danfo iliyosongamana, yenye mtu anayekukanyaga mguu na mwingine anayekuhubiria tangu mwanzo wa safari, ingemfikisha Oshodi amechoka na hai.

Kisa cha tatu ndicho kinachonizuia nisiusifu umati kijinga. Mei 2022, Lekki, fundi wa sauti na wenzake walitofautiana na mwendesha okada kuhusu chenji. Iliripotiwa ni naira 100. Waendesha pikipiki wenzake wakakusanyika, wakampiga yule fundi hadi kufa, kisha wakamchoma. Wiki chache baadaye, Juni 1, gavana Babajide Sanwo-Olu akazipiga marufuku okada kabisa katika serikali sita za mitaa: Apapa, Eti-Osa, Ikeja, Lagos Island, Lagos Mainland na Surulere. Zilikuwa zimekwishazuiwa kwenye maeneo hayohayo Februari 2020, na kwenye barabara kuu tangu sheria ya 2012, kwa hiyo unaweza kupima mwenyewe uzito wa marufuku ya Lagos.

Pale Lekki umati ulikuwapo, mkubwa kabisa, na ndio ulioua. Tofauti yake na abiria wa danfo ni kwamba ulikuwa umati wa kazi moja. Wote walikuwa na maslahi yaleyale, adui yuleyule, na kila mmoja aliamini kesho ni zamu yake kudhulumiwa. Mtu wa okada humwoni na abiria wengine. Unapanda mgongoni kwake peke yako, na mkigombana, watakaofika kwanza ni wa upande wake. Kwa mgeni aliye peke yake hiyo ndiyo hesabu ya kweli ya okada, ukiacha kwamba ajali yake haina bati la kukukinga. Bajaji, wanayoiita keke, ni afadhali kidogo kwa kuwa inabeba abiria watatu nyuma. Ukitaka kubishana kuhusu nauli, bishana kabla hujapanda, ukishapanda, lipa. Naira mia si kitu cha kusimamia barabarani katika mji ule, hata kama haki ni yako.

Hata teksi za programu, ambazo ndizo mwenyeji wako atazisisitiza, zipime kwa kipimo hikihiki. Zina jina la dereva, zina picha, safari inaonekana kwenye simu ya rafiki yako. Hayo ni mazuri, na saa nne usiku mimi mwenyewe nitaichagua hiyo. Lakini shahidi wako wote yuko kwenye simu, na simu ya Lagos huisha chaji, huisha bando, au hunyakuliwa dirishani kwenye foleni na kijana anayekimbia kuliko wewe. Mchana wa saa nane, kutoka Yaba kwenda Ikeja, sioni kwa nini mtu mzima alipe mara nane ya nauli ili aketi kwenye foleni ileile na mtu mmoja asiyemjua.

Sasa serikali. Kwa takribani miaka 20 mageuzi ya usafiri Lagos yamekuwa mageuzi ya magari. LAMATA, mamlaka ya usafiri ya jimbo, iliundwa kwa sheria ya 2002. Machi 2008 ilizindua BRT kutoka Mile 12 hadi CMS, kilomita 22, ya kwanza ya aina yake kusini mwa Sahara, miaka minane kabla ya mwendokasi wetu wa Kimara kuanza Mei 2016. Ilikuwa kazi nzuri kwa pesa kidogo, na yeyote aliyewahi kusimama Ojota akiutazama msururu wa danfo uliokwama huku basi la buluu likipita kwenye njia yake hahitaji kushawishiwa. Gavana Akinwunmi Ambode alikwenda mbali zaidi. 2017 alitangaza danfo zitaondolewa barabarani kwa sababu haziendani na jiji kubwa la kisasa. Yeye aliondoka ofisini 2019. Danfo zipo.

Zipo kwa sababu treni na basi kubwa haviingii mtaani kwako. Red Line, iliyoanza kubeba abiria Oktoba 2024 kutoka Agbado hadi Oyingbo, inakushusha stesheni ya Oshodi ukiwa umeokoa saa nzima, kisha unatelemka ngazi na kukutana na konda yuleyule, agbero yuleyule, ushuru uleule. (Baadhi ya treni zake, kwa wanaopenda mambo hayo, zilitengenezwa kwa ajili ya jimbo la Wisconsin, Marekani, ambalo liligeuza mawazo, Lagos ikazinunua 2022.) Blue Line nayo inavuka maji kwa chini ya nusu saa, jambo ambalo kwa barabara asubuhi ni la kubahatisha. Nazipongeza zote mbili. Ila mpangaji wa mji ameendelea kuuliza gari lina umri gani, lina rangi gani, linabeba wangapi. Mama wa saa tatu usiku anauliza swali jingine, na hajajibiwa.

Kumjibu hakuhitaji reli mpya. Basi la serikali lisiruhusiwe kutembea usiku taa za ndani zikiwa zimezimwa, wala kuokota mtu mmoja nje ya kituo. Hilo ni agizo la ukurasa mmoja. Kituo kiwe na taa na mtu wa zamu mpaka basi la mwisho. Danfo ziandikwe njia ubavuni na picha ya dereva ibandikwe mahali abiria anaiona. Kenya ilijaribu mwaka 2004 chini ya waziri John Michuki: mstari wa njano wenye jina la njia, sare za wahudumu, picha ya dereva ndani ya matatu. Wakenya wanajua jinsi masharti yale yalivyolegea baadaye, lakini wanajua pia kwamba kwa muda yalifanya kazi, na kwamba abiria ndio waliokuwa wa kwanza kuyapenda. Kikwazo cha Lagos ni kwamba danfo yenye njia na jina linalosomeka ni danfo inayoweza kuhesabiwa, na ikihesabiwa itajulikana inalipa nani, kiasi gani, mara ngapi kwa siku. Wapo wasiotaka hesabu hiyo ijulikane, na si madereva.

Kwa sasa, kwa anayekwenda wiki ijayo: pandia stendi, mchana, mstari wa katikati, mbali na mlango na mbali na dirisha lililo wazi ikiwa simu yako iko mkononi. Kaa karibu na mama mwenye mzigo. Noti ndogo ziwe mfuko wa mbele. Na kama utatumia BRT au treni, ujue hazipokei pesa taslimu; unahitaji kadi ya Cowry, na mwuza kadi si lazima awepo utakapofika. Hilo lisikurudishe hotelini. Simama karibu na mashine na noti yako mkononi, mweleze aliye mbele yako kwamba huna kadi. Atakutazama kutoka kichwani hadi miguuni, atagusa kadi yake mara mbili, ya kwake na ya kwako, atachukua noti yako na kuihakiki kwenye mwanga kama ni halali, na kabla basi halijaondoka atakuwa ameshakuuliza unatoka nchi gani na kwa nini umekuja peke yako.